Pugu, Morningside au Lupanga: mtu wa Dar apande wapi?

Wikiendi ndefu ikikaribia, kundi la ukoo wetu huanza na swali lile lile: twende wapi penye miti na hewa safi? Ufukwe tumeshauzoea. Mbuga za wanyama zinataka gari na fedha za maana. Mtu wa Dar es Salaam anayetaka kutembea kwa miguu msituni hutajiwa majina matatu: vilima vya Pugu kule Kisarawe, Morningside iliyo ubavuni mwa Uluguru juu ya mji wa Morogoro, na Lupanga, kilele kinachousimamia mji huo huo, mara nyingi kikiwa kimejifunika mawingu.

Sehemu zote tatu nimefika zaidi ya mara moja. Nimekwenda na watoto wa dada yangu, nimekwenda na mama mkubwa ambaye goti lake la kushoto halimtii, nimekwenda na vijana wa kazini wenye pumzi za kucheza dakika tisini. Siku ikinoga au ikiharibika, sababu haijawahi kuwa uzuri wa mlima. Sababu ni kama njia ilimfaa yule aliyekuwa mnyonge kuliko wote msafarani. Ndiyo maana nalinganisha nikiwa na watu kichwani, na kila sehemu ninaipima kwa mambo yale yale: namna ya kufika na kurudi, ugumu wa njia, msitu wenyewe, gharama na vibali, halafu mvua na hatari zake.

Kufika na kurudi

Pugu ni karibu mno kiasi kwamba wengi hawaihesabu kuwa ni safari. Ni kama kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Unashika Barabara ya Nyerere, unapita uwanja wa ndege, Gongo la Mboto, unapanda mlima wa Pugu hadi Kisarawe. Asiye na gari anapanda daladala ya Gongo la Mboto na kuunganisha ya Kisarawe. Adui ni foleni tu. Ukitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi unateleza. Ukitoka saa tatu utahesabu malori. Jioni unakula nyumbani kwako.

Morningside na Lupanga zote zinaanzia Morogoro, kilomita zipatazo 190. Zamani hesabu ilikuwa ngumu, maana basi lilikula nusu siku, na foleni ya kutoka Ubungo hadi Kibaha ilikula hamu iliyobaki. Tangu treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria tarehe 14 Juni 2024, Dar hadi Morogoro ni chini ya saa mbili. Nauli ya kuanzia ilikuwa Sh 13,000 kwa mtu mzima daraja la kawaida. Tiketi za wikiendi na sikukuu huisha mapema, kwa hiyo kata ya kwenda na ya kurudi siku moja, usije ukafika ukakosa cha kukurudisha. Kituo kiko nje kidogo ya katikati ya mji, utahitaji bajaji au bodaboda.

Treni hiyo imeifanya Morningside iwezekane kwa siku moja, ukiwahi ya asubuhi na ukarudi na ya jioni. Lupanga haijawezekana. Anayepanda Lupanga lazima awe amelala Morogoro, kwa sababu mlima ule unatakiwa kuuanza alfajiri, na ukishuka miguu haitakuwa na hamu ya kukimbilia kituo.

Njia na miguu

Pugu ni vilima vifupi. Njia zake zinapanda na kushuka taratibu, nyingi zikiwa udongo mwekundu na mchanga, na mtoto wa miaka sita anatembea saa moja na nusu bila kudai kubebwa. Ila pale bado ni Pwani. Anayetafuta baridi hataipata. Kivuli kipo, lakini jasho lipo pia, na kuanzia saa tano mchana hewa chini ya miti husimama kabisa. Nenda mapema au nenda alasiri.

Morningside ni kupanda kweli. Kutoka upande wa Boma, mjini, hadi kwenye ile nyumba kuukuu ya enzi za Wajerumani, mtu wa kawaida anatumia saa mbili hadi tatu. Njia ni barabara ya mawe na vumbi inayojikunja ubavuni mwa mlima, na uzuri wake ni kwamba ina njia ya kutokea: aliyechoka anaita bodaboda. Gari dogo usilijaribu.

Hapo ndipo mama mkubwa alipotufundisha. Tulimwekea bodaboda tangu chini, akakataa. Akatembea dakika arobaini, akakaa kwenye jiwe, akatazama mji ulioanza kuwa mdogo chini yetu. Mara akatokea bibi mmoja wa Kiluguru anashuka, peku, tenga la ndizi kichwani, mkono mmoja tu umelishika. Mama mkubwa akamwamkia, "Shikamoo mama." Yule bibi akaitikia bila kupunguza mwendo, akasema, "Pole na mlima, mwanangu. Usishindane nao." Mama mkubwa akacheka mpaka machozi, kisha akaomba bodaboda. Tulimkuta juu, ameshapata chai na mihogo kwa watu wa nyumba ya jirani, amekaa kama mwenyeji. Ilikuwa siku nzuri kwa kila mtu, kwa sababu njia ilimruhusu kubadili nia.

Lupanga haikupi ruhusa hiyo. Kilele kina zaidi ya mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na mji wa Morogoro upo kwenye mita zipatazo 500. Maana yake unapanda zaidi ya kilomita moja na nusu kwenda juu, kwa siku moja, na sehemu nyingine za njia unashika mizizi kwa mikono kama ngazi. Hakuna bodaboda, hakuna nyumba ya chai. Sisi tulipanda kwa saa tano na kushuka kwa saa tatu na nusu, na kushuka ndiko kulikoumiza. Kesho yake mwenzetu mmoja aliteremka ngazi za hoteli kinyumenyume. Mtu anayekimbia au anayecheza mpira kila wiki ataumudu. Anayekaa ofisini juma zima ajiandae mwezi mzima kabla, kwa kutembea kila jioni na kupanda ngazi.

Msitu wenyewe

Hapa ndipo tofauti ilipo kubwa, na ndipo watu wengi wanapochagua vibaya kwa kuangalia picha.

Msitu wa Pugu ni mabaki ya misitu ya Pwani, ile iliyowahi kufunika sehemu kubwa ya mwambao. Utakuta mivule, misandarusi, na mifune yenye mashina meupe yaliyonyooka kama nguzo za msikiti. Kuna kima, na usiku kuna komba, wakiwemo wa aina ndogo kabisa inayopatikana kwenye misitu michache tu ya Tanzania. Leo Pugu na jirani yake Kazimzumbwi ni hifadhi moja ya mazingira asilia chini ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu. Lakini nisikufiche: msitu umekatwa sana. Kwa miaka mingi tanuru za mkaa zilifuka humo, na mkaa huo ulikuja kwetu, Buguruni, Tandika, Mbagala. Utapita sehemu yenye kivuli cha kanisa, halafu ghafla uwazi wa vichaka na miti michanga inayorudi. Mimi uwazi huo hunigusa kuliko miti mikubwa, kwa sababu nakumbuka jiko la mama yangu.

Kitu ambacho Pugu inacho na Uluguru sijakiona ni mapango ya popo. Ni mashimo ya mgodi wa zamani wa kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri. Muongozaji wetu alituambia tukae nje tusubiri magharibi. Kama saa kumi na mbili na nusu, mtoto wa dada yangu mwenye miaka tisa akanivuta shati: "Mjomba, kuna moshi unatoka pangoni." Haukuwa moshi. Walikuwa popo, wanatoka kwa mkanda mmoja usiokatika, wanapinda juu ya miti na kuelekea upande wa jiji. Sauti yao ni kama mvua ya mbali kwenye makuti. Tulikaa kimya robo saa nzima, na yule mtoto si mtu wa kukaa kimya.

Pugu ina historia pia. Mwalimu Nyerere alifundisha katika shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, hadi mwaka 1955 alipoacha kazi ili aitumikie TANU. Mzazi anayetaka watoto wajue kwa nini aliitwa Mwalimu, pale pana pa kuanzia.

Morningside si msitu mnene njia nzima, na anayekwenda akidhani hivyo atasikitika. Sehemu kubwa ya kupanda unapita kwenye mashamba ya Waluguru: ndizi, maharage, mboga, stroberi. Ni watu ambao ukoo na ardhi hufuata upande wa mama, na mashamba hayo yaliyoning'inia ubavuni mwa mlima yana habari zake. Mwaka 1955 Waluguru waligomea amri ya serikali ya kikoloni ya kuchimba matuta ya ngazi, na ghasia zikazuka. Ukifika juu ndipo mpaka wa hifadhi unapoanza, na msitu unasimama kama ukuta. Kuna vijito vya maji baridi sana na maporomoko ya Choma si mbali. Geuka nyuma: Morogoro yote iko chini, na siku ya anga safi bwawa la Mindu linang'aa upande wa magharibi. Kwa mandhari ya mji na maisha ya watu wa mlimani, sijaona pengine.

Lupanga ndiyo msitu. Ukiacha mashamba nyuma unaingia kwenye giza la kijani ambalo Pugu haiwezi kukupa tena. Milima ya Uluguru ni sehemu ya Tao la Mashariki, mnyororo wa milima ya kale yenye misitu, na hifadhi yake ya mazingira asilia ilitangazwa mwaka 2008. Kuna makangaga yenye shina kama mnazi mchanga. Kuna kinyonga mdogo asiyezidi urefu wa kidole, wa rangi ya jani kavu. Muongozaji alimwonyesha kwa kijiti, nami bado nilimkosa mara mbili kabla ya macho kumshika. Kuna ndege wasiopatikana kokote duniani nje ya milima hii, akiwemo chozi mmoja mdogo na yule wa mgongo wa kijani na tumbo la njano anayekaa juu kabisa ya miti. Kadiri unavyopanda, miti inafupika na kuvaa kuvumwani, ile mimea midogo inayoota kama manyoya, mpaka kwenye vidole vya matawi. Ukungu ukipita, majani yanadondosha maji ingawa mvua hainyeshi.

Nilishika tawi moja, likanilowesha mkono hadi kwenye kiwiko. Muongozaji akasema, "Hayo ndiyo maji yenu, kaka." Ni kweli tupu. Mto Ruvu unatoka kwenye milima hii, na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ndiyo inayolisha mabomba ya Dar. Nimefungua bomba maisha yangu yote bila kujua lilikuwa limeshikwa na tawi.

Gharama na vibali

Zote tatu zina hifadhi ndani yake, kwa hiyo kuna kiingilio, na kiingilio cha raia ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni. Chukua kitambulisho. Malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya malipo kupitia simu au benki. Mtu akikuambia umpe mkononi, muulize stakabadhi.

Kwa Pugu, gharama kubwa ni nauli na chakula unachobeba. Ni mahali pa mandari: mkeka, chupa ya chai, pilau kwenye bakuli la plastiki. Familia ya watu sita inaweza kutumia chini ya gharama ya kwenda kula mahali pa kawaida mjini.

Morningside inaongeza treni, bajaji na bodaboda. Kama unaishia kwenye nyumba na mandhari, gharama inabaki ndogo. Ukitaka kuingia msituni, pitia ofisi ya hifadhi mjini Morogoro upate kibali na muongozaji.

Lupanga inaongeza malazi ya usiku mmoja au miwili, na muongozaji hapo si hiari. Mwaka fulani tulimchukua kijana aliyejitolea stendi kwa bei ya chini. Katikati ya msitu njia ikagawanyika, akasimama, akatutazama sisi kama sisi ndio tunaojua. Tulirudi. Tangu hapo napiga simu ofisi ya hifadhi siku moja kabla na kuomba mtu wanayemtambua.

Mvua na hatari zake

Masika, yaani Machi hadi Mei, Lupanga iache. Udongo unakuwa sabuni, na hata ukifika kileleni utaona ukungu tu. Vuli nayo ina siku zake mbaya. Juni hadi Septemba ndio wakati wake, ila beba koti. Baridi ya kule juu si ya mtu wa Dar. Morningside inawezekana karibu mwaka mzima, lakini bodaboda kwenye mawe yenye tope ni hatari, na siku hizo ni bora kutembea. Pugu baada ya mvua inapendeza kuliko wakati wowote, ila mbu huongezeka na njia za udongo mwekundu huteleza.

Kwa Pugu jihadhari na mambo mawili. Moja ni upupu. Ukiona maganda ya kahawia yenye manyoya yananing'inia, zuia watoto wasiguse, na vaa suruali ndefu. La pili ni mapango. Usiingie bila muongozaji, usishike popo wala kinyesi chao, na mtu mwenye kifua kibovu abaki nje. Popo wanaotoka wanaonekana vizuri zaidi nje kuliko ndani.

Kwa Lupanga hatari kubwa ni saa. Vijana wa kazini tuliokwenda nao walichelewa kuamka, tukaanza saa tatu. Saa saba na nusu muongozaji alisimama akasema tunageuka. Walilalamika, kilele kilikuwa kimebaki kama saa moja. Alikuwa sahihi: tulishuka polepole, na giza lilitukuta mashambani badala ya kutukuta kwenye mizizi. Kubaliana na watu wako tangu usiku kwamba saa fulani ikifika mnageuka, mmefika au hamjafika.

Nani aende wapi

Ukiwa na watoto wadogo, au una siku moja tu na mfuko mwepesi, nenda Pugu. Ondoka saa nane mchana badala ya asubuhi, tembea jua likipoa, malizia na popo, urudi foleni ikiwa imekwisha.

Ukiwa na mzazi au mtu wa goti, na mnataka hewa ya mlima na mandhari, nendeni Morningside. Mmoja apande bodaboda, wengine watembee, mkutane juu. Chukueni stroberi kwa wanaouza njiani. Ni fedha inayobaki kwa waliolima.

Mnaoanza mapenzi au mnaotaka kuzungumza kwa muda mrefu bila simu, Morningside pia, ila laleni usiku mmoja Morogoro msikimbizwe na treni.

Kama unapenda ndege, mimea na msitu wenyewe, na una siku tatu, Lupanga ndiyo yako. Kama una siku mbili na miguu haina uhakika, ingia msitu ulio juu ya Morningside kwa saa mbili na muongozaji. Utaonja ukungu ule ule bila kulipa gharama yake yote.

Kundi la vijana wa kazini linalotaka kujipima, Lupanga, lakini anzeni na Pugu wiki tatu kabla. Tembeeni saa nne mfululizo. Atakayetangulia kuuliza "bado mbali?" ndiye wa kupangia mwendo, mkiwa Lupanga atembee mbele.

Na kama ni masika na mvua imetanda kuanzia Pwani hadi Morogoro, subiri mpaka kuche. Mvua ikikatika asubuhi, Kisarawe ni daladala mbili tu.